Radhi Kwanza, Ngoma Baadaye: Arusi za Watu wa Moldavia



Ndugu zangu wasomaji, akina baba na akina mama, wiki hii ukumbi wetu wa familia utasafiri mbali kidogo. Tumefundishwa kwamba kutofautiana kwa mataifa ni mlango wa kujuana, na watu hujulikana upesi zaidi arusini kwao. Ukitaka kujua kaumu inathamini nini, inaogopa nini na inamkumbuka nani, itazame siku inapomtoa binti yake nyumbani.

Nchi tunayoikusudia ni Moldavia. Hilo ni jina la utawala wa kale uliokuwa baina ya milima ya Carpathia na mto Dniester, mashariki mwa Ulaya. Leo sehemu kubwa ya ardhi yake imegawika mafungu mawili. Magharibi ya mto Prut ni jimbo la Romania, ambako umo mji wa Iași uliokuwa makao ya watawala. Mashariki ya mto huo ni jamhuri inayojitegemea tangu 1991, iitwayo Moldova, na mji wake mkuu ni Chișinău. Wengi wa wakazi wa pande zote mbili husema lugha moja, Kiromania, nao ni Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba watu hawa ni wageni kwetu kabisa. Kwa karne kadhaa watawala wao walikuwa chini ya Masultani wa Istanbul, na katika zama hizo maneno mengi yaliingia kwao kwa mlango wa Kituruki. Mgeni anayekaribishwa nyumbani wanamwita "musafiri", neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "msafiri". Kikundi cha wapiga muziki wa arusi wanakiita "tarafu", na asili yake ndiyo asili ya neno letu "tarafa", yaani upande au fungu. Bahari na milima imetutenga, lakini kamusi zetu ziliwahi kunywa katika kisima kimoja.

Aliyetuandikia mapema habari za arusi zao ni mtawala wao mwenyewe, Dimitrie Cantemir, aliyezaliwa 1673 na kufariki 1723. Mtu huyu aliishi Istanbul takriban miaka ishirini, akajifunza Kituruki, Kiarabu na Kiajemi, akapiga tamburi kwa ustadi, na akabuni namna ya kuandika sauti za muziki kwa herufi. Kwa ajili yake nyimbo zipatazo 350 za wakati ule zimehifadhika hata leo. Alipoupoteza utawala mwaka 1711 alihamia Urusi, na huko, kwa maombi ya chuo cha wanachuoni wa Berlin, akaandika kwa Kilatini kitabu cha kuieleza Moldavia. Mlango mmoja wa kitabu hicho ni wa posa na arusi.

Anasimulia kwamba kijana akimpenda binti hakwenda yeye mwenyewe kwa wazazi, bali alituma washenga. Washenga nao hawakutaja posa waziwazi. Walifika mlangoni wakajidai ni watu wa msafara wa wawindaji. Walisema kwamba bwana wao alikuwa mwituni akawinda, akamwona paa mzuri mwenye haya, paa akakimbia, na nyayo zake zimewaongoza hadi nyumba hii. Basi wenye nyumba wamtoe, au waseme amekwenda wapi. Wazazi walikana kwanza: hapana mnyama aliyeingia hapa, huenda mmepotea njia, ulizeni kwa jirani. Washenga wakishikilia, aliletwa mbele yao bikizee aliyevaa matambara, wakaulizwa kama huyu ndiye paa wao. Wakasema siye, wakaanza kumsifu waliyemfuata kwa nywele, macho na meno yake. Baada ya mabishano hayo ndipo binti alipotolewa akiwa amepambwa, pete zikabadilishanwa, na siku ya arusi ikawekwa.

Mchezo huu una hekima yake. Mzazi amepewa nafasi ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Ikiwa hamtaki kijana, basi paa hakuonekana nyumbani mwake, na yamekwisha. Hakuna aliyeaibika na hakuna uadui uliozaliwa baina ya nyumba mbili. Sisi nasi tunajua thamani ya mshenga mwenye ulimi laini.

Baada ya posa huja mali. Kwao mali hutoka upande wa binti, nayo huitwa "zestre". Ni kinyume cha mahari yetu, ambayo ni haki ya mke kutoka kwa mume. Katika nyumba ya kijijini ya Moldova huwa kuna chumba kimoja kilicho bora kuliko vyote, ambacho maana ya jina lake ni "nyumba kubwa". Hakilaliwi kila siku. Hupokelewa humo wageni wa heshima, na humo huwekwa zestre ya binti: sanduku la nguo, mito iliyopangwa hadi karibu na dari, taulo zilizotariziwa, na mazulia ya sufi yaliyofumwa kwa mkono na kutundikwa ukutani. Binti alijifunza kufuma angali mdogo, na zulia lake lilikuwa ushahidi wa subira yake. Ufundi huo wa mazulia ya ukutani, wa Romania na Moldova kwa pamoja, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016.

Siku ya arusi yenyewe huanza katika nyumba mbili. Kwa bwana arusi, kijana huketishwa kitini akanyolewa ndevu huku muziki ukipigwa, ishara ya kuuaga ukapera. Kwa bibi arusi, wasichana wenzake humpamba na kumfunga shela. Katika mapambo na baraka za siku hiyo lipo jani ambalo hakuna mwanamke wa Lamu wala Mombasa asiyelijua: mrehani. Sisi tunautia katika kikuba pamoja na asumini, na wao huutumia kunyunyizia maji ya baraka, tena wasichana wao huuhesabu kuwa ni mmea wa mapenzi. Msafara wa bwana arusi ukija, vijana wa kijiji cha binti huziba njia na kudai malipo kabla ya kumwachia bibi arusi aondoke, mithili ya wanawake wetu wanaoufunga mlango wa chumba mpaka bwana arusi atie mkono mfukoni. Wengine huweka ndoo zilizojaa maji njiani, na bwana arusi hutupa sarafu ndani yake, kwa kuwa ndoo iliyojaa ni bishara ya nyumba itakayojaa.

Sasa, ndugu msomaji, tumefika mahali ambapo kwa maoni yangu ndipo penye moyo wa arusi hii. Kabla bibi arusi hajavuka kizingiti, muziki hunyamazishwa. Wazazi huketi. Hutandikwa zulia au mto mbele yao, na bibi na bwana arusi hupiga magoti. Msemaji wa arusi, ambaye ni kijana au mtu mzima mwenye ufasaha, husimama akasema kwa niaba yao maneno marefu yenye vina, yaliyorithiwa kwa mapokezi ya mdomo. Huwaomba wazazi radhi kwa kila walilowakosea tangu utotoni: usiku waliowakesha, maneno makali waliyoyajibu, amri walizozipuuza. Kitendo hiki kina jina lake maalumu, na jina hilo limetokana na neno la kusamehe. Mahali pengine bwana arusi hulifanya hilo kwao kwanza, kisha ndipo msafara uende kwa binti.

Wazazi hujibu kwa kuwasamehe na kuwabariki, wakiwa na mkate mikononi. Mkate huo ni wa duara, umesokotwa kama ukili. Baadaye humegwa juu ya kichwa cha bibi arusi, na vipande vyake hutupiwa waliohudhuria, pamoja na punje za ngano. Wakati huo hata wanaume wazima hufuta machozi. Na kwa binti aliyefiwa na mzazi zimo nyimbo za peke yake, nyimbo za bibi arusi yatima, ili aliyelala kaburini asiwe amesahauliwa siku hiyo.

Simion Florea Marian, padri na mtafiti aliyetoka Bukovina, kaskazini mwa Moldavia ya kale, alichapisha mwaka 1890 kitabu kizima juu ya arusi za Waromania. Mila alizozikusanya ni nyingi mno na hutofautiana kijiji hadi kijiji, ila hili la kuomba radhi limeenea kote. Sababu yake haihitaji mwanachuoni. Mtu anayeondoka kwao bila radhi huondoka na deni, na nyumba inayojengwa juu ya deni la namna hiyo huchelewa kutulia. Kila aliyelelewa pwani anaijua maana ya radhi ya mama.

Baada ya hapo huenda kanisani. Huko maharusi huvishwa taji vichwani, kana kwamba ni mfalme na malkia wa siku hiyo, na huzungushwa mara tatu mbele ya padri. Nyuma yao husimama mume na mke wengine wakiwa na mishumaa mirefu. Hao si wazazi wala si mashahidi wa kutia saini tu. Mwanamume huitwa "nashi" na mwanamke "nasha", nao ndio nguzo ya pili ya arusi ya Kimoldavia.

Nashi na nasha lazima wawe watu walio katika ndoa, wenye sifa njema, ambao nyumba yao inajulikana kuwa imesimama. Huchaguliwa mapema, na huombwa kwa heshima. Kazi yao haiishi siku ya arusi bali siku hiyo ndiyo huanza. Vijana wakigombana, hodi ya kwanza hupigwa kwa nashi. Mtoto wa kwanza akizaliwa, kwa desturi nashi na nasha ndio humshika siku ya ubatizo wake. Kila zinapofika sikukuu za mwisho wa mwaka, vijana huenda kwao na mikate ile ya duara, kama mtoto anavyokwenda kwa baba yake. Na uhusiano unaotokana na ubatizo huhesabiwa katika sheria ya kanisa lao kuwa ni udugu unaozuia kuoana. Msomaji wetu hatashangaa kwamba udugu usio wa damu unaweza kuharamisha ndoa. Sisi tunao udugu wa kunyonya.

Tazama tofauti iliyopo hapa. Somo na kungwi wetu humfunza binti na humsimamia siku za fungate, kisha mara nyingi kazi yao huisha. Dini yetu nayo imetuelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Watu wa Moldavia humteua mtu wao kabla mfarakano haujazaliwa, wakati wote wangali wanacheka. Hapo pana jambo la kufikiriwa.

Baada ya kanisa ni karamu, na karamu yao huendelea usiku kucha hata alfajiri. Meza hujaa kabichi iliyoviringishwa nyama na wali ndani yake, nyama za kuoka, na mvinyo ambao familia nyingi huutengeneza wenyewe, kwa sababu nchi yao ni nchi ya mizabibu. Hapo sisi tutabaki mlangoni tukisikiliza muziki. Ngoma yao kubwa huitwa "hora": watu hushikana mikono wakafanya duara, mzee na mtoto, tajiri na maskini, na bibi arusi huwa na hora yake mwenyewe. Huchezwa kwa fidla, kwa ala ya nyuzi iitwayo kobza, iliyo jamaa ya udi wetu, na sehemu nyingine kwa bendi za tarumbeta. Kijiji cha Zece Prăjini, katika mkoa wa Iași, kilijulikana Ulaya nzima tangu miaka ya 1990 kwa bendi yake ya Fanfare Ciocârlia.

Na wapigaji hao ni nani? Wengi wao ni watu wa kabila la Roma, ambao wahenga wao walikuwa watumwa katika ardhi hiyo hiyo. Walimilikiwa na watawala, na matajiri, na hata nyumba za watawa. Utumwa huo ulifutwa kabisa Moldavia mnamo Desemba 1855. Kwa karne nyingi mtu asiyemiliki nafsi yake ndiye aliyewafurahisha waungwana siku ya arusi zao. Sisi wa pwani, tunaozijua historia za ngoma zetu na mikono iliyozipiga mwanzo, hatuna haki ya kulipita jambo hili upesi.

Usiku ukiwa mwingi, muziki hubadilika ukawa wa taratibu. Bibi arusi huketishwa kitini katikati ya ukumbi, na nasha humvua shela. Mahali pake humfunga kitambaa cha kichwani, vazi la mwanamke aliyeolewa. Bibi arusi hukikataa mara ya kwanza akakitupa, hukikataa mara ya pili, na mara ya tatu hukikubali. Shela yake huvikwa wasichana ambao hawajaolewa, nao hucheza nayo kwa zamu. Zamani mwanamke wa kijijini aliyekwisha kufungwa kitambaa hicho hakutoka tena kichwa wazi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mila ya huko ni ya kusifiwa. Cantemir huyo huyo ameandika kwamba binti alipokutwa si bikira, jamaa za mume walitafuta mkokoteni mbovu, wakawafunga wazazi wa binti mahali pa farasi, binti akapandishwa juu, na wazazi wakachapwa wauvute hadi nyumbani kwao. Ndoa ikavunjika, au wazazi wakaongeza mali ili imezwe aibu. Yote hayo alifanyiwa mwanamke, na hakuna mkokoteni uliowahi kuandaliwa kwa ajili ya mwanamume. Desturi hiyo imekwisha, na imekwisha kwa haki. Nasi tuliokuwa na kisarawanda na vigelegele vyake tujiulize ni mabinti wangapi walioingia usiku huo kwa hofu badala ya furaha. Sitara ya mwanamke ni amana, na mila yoyote inayoitangaza kijijini imeivunja amana hiyo.

Leo arusi za Moldova zina mtihani mwingine. Nchi hiyo ni miongoni mwa maskini wa Ulaya, na watu wake wengi wamesafiri kutafuta riziki. Sensa ya 2024 ilihesabu wakazi kama milioni 2.4, bila eneo la Transnistria lililojitenga. Wanaume wengi walikwenda Urusi kujenga majumba, na wanawake wengi wako Italia wakiwatunza wazee wa watu wengine, ilhali watoto wao wenyewe wameachwa kwa bibi zao. Zamani arusi zilikuwa nyingi baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa na mfungo haujaanza. Sasa nyingi hupangwa kiangazi, wakati waliosafiri wanaporudi likizo. Jioni, wageni hutoa bahasha za fedha, nashi akitangulia kwa kilicho kikubwa, na familia hukumbuka nani alitoa kiasi gani ili amrudishie siku yake. Kwa hiyo wapo wanaoogopa kuombwa unashi kwa sababu ya gharama yake, na wapo wanaomchagua nashi kwa uzito wa mfuko wake. Cheo kilichowekwa kwa ajili ya nasaha kikianza kupimwa kwa bahasha, vijana watapata karamu nzuri na watakosa mlango wa kubishia hodi.

Hata hivyo zulia la radhi bado linatandikwa. Mama aliyekaa Italia miaka kumi akipeleka fedha za shule na za dawa, akarudi kwa wiki mbili tu, huketishwa kitini, na binti aliyemwacha akiwa mdogo hupiga magoti mbele yake. Msemaji wa arusi husoma maneno yale yale ya kale kuhusu usiku wa kukesha na chakula alicholishwa mtoto. Hapo ni nani anayemwomba mwenziwe radhi? Nadhani kila mmoja anamwomba mwingine, na dakika hizo chache zinasema lile ambalo simu haikuweza kulisema kwa miaka kumi. Wako miongoni mwetu wenye mama na dada katika majumba ya Ghuba, nao wataelewa bila kufafanuliwa.

Ndugu zangu, siwaiti mkaige arusi za Moldavia. Tunayo nikaha yetu, nayo inatosha, na ina baraka zaidi inapokuwa nyepesi. Ila mzazi anayekaa jioni na kalamu akiandika gharama za arusi, ukumbi kiasi hiki, pilau kiasi hiki, gari kiasi hiki, naye aongeze mistari miwili isiyo na gharama. Mstari wa kwanza: ni saa ngapi, kabla wageni hawajafika, mtoto wangu ataketi nami faraghani tuombane radhi? Mstari wa pili: ni mume na mke gani, wenye ndoa iliyosimama na siri isiyovuja, nitakaowaomba leo wawapokee vijana hawa siku watakapogombana? Awaandike kwa majina yao, kisha aende akawaulize kama wamekubali.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu wake wema na waume wema, azitulize nyumba zetu, na awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.